Kutoka Kanda Mama Hadi Sindano: Jinsi ya Kununua na Kusikiliza Toleo Jipya la Moanin'

Tarehe 30 Oktoba 1958, mpiga dramu Art Blakey na wenzake wanne waliingia katika nyumba ya wazazi wa fundi wa kurekodi Rudy Van Gelder, mjini Hackensack, jimbo la New Jersey, Marekani. Sebule ya nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa studio. Walipotoka walikuwa wamerekodi nyimbo sita ambazo kampuni ya Blue Note iliziuza kama santuri namba 4003, na ambazo wapenzi wa jazi sasa wanaziita kwa jina la wimbo wa kwanza, Moanin'.

Tangu hapo santuri hii imechapwa upya mara nyingi Marekani, Ulaya na Japani. Ukiitafuta leo unaweza kuwekewa mezani nakala tatu zenye jalada lilelile, uso wa Blakey umejaa mbele, bei zimepishana mbali, na kila muuzaji anaapa kuwa yake ndiyo orijino. Bei peke yake haitakusaidia kuamua. Uliza sauti iliyomo imepita mikononi mwa nani tangu ilipotoka kwenye kanda, kama mwanachuoni anavyouliza isnadi ya wapokezi kabla hajaikubali hadithi.

Hatua ya 1: Hakikisha ndiyo santuri yenyewe

Wimbo Moanin' Blakey aliendelea kuupiga majukwaani kwa miaka mingi, na rekodi za matamasha hayo nazo zinauzwa. Nyingine ni nzuri sana, lakini siyo unayoitafuta. Geuza jalada usome majina. Lazima wawe watano: Lee Morgan kwenye tarumbeta, Benny Golson kwenye saksafoni ya tenori, Bobby Timmons kwenye piano, Jymie Merritt kwenye besi, na Blakey mwenyewe kwenye dramu. Upande wa kwanza una Moanin', Are You Real na Along Came Betty. Upande wa pili una The Drum Thunder Suite, Blues March na Come Rain or Come Shine.

Ukiona nyimbo za ziada zimebandikwa kwenye sahani hiyohiyo moja, kuwa macho. Nyimbo sita zinachukua karibu dakika 20 kila upande, na kwa santuri ya inchi 12 hicho ni kipimo cha raha. Ukisukumiza nyimbo zaidi, mifereji inabanana na sauti inalazimika kukatwa kwa kiwango cha chini. Nyongeza za Moanin', yaani jaribio jingine la wimbo huo na maongezi mafupi kati ya Morgan na Van Gelder, zilitolewa kwenye CD, na zilivyo zinafaa kubaki huko.

Hatua ya 2: Sahau chapa ya kwanza, ila ijue alama zake

Chapa ya kwanza ya mwaka 1959 inauzwa mamia ya dola za Marekani, na iliyo safi kabisa hupita elfu moja. Wakusanyaji huitambua kwa anwani ya 47 West 63rd iliyo kwenye lebo, kwa herufi RVG karibu na lebo, yaani Van Gelder alikata santuri mama kwa mkono wake, na kwa alama ndogo inayofanana na sikio. Hilo "sikio" kwa hakika ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite kilichokuwa kikiichapia Blue Note hadi kampuni hiyo ilipouzwa kwa kampuni ya Liberty katikati ya miaka ya 1960.

Kwa nini uzijue alama hizi kama hununui? Kwa sababu siku moja utakutana na sanduku la santuri kuukuu kwenye mnada au nyumbani kwa mzee aliyewahi kuishi ng'ambo, na itakuwa vibaya ukilipita. Vinginevyo, hela ya chapa ya kwanza ina kazi bora zaidi. Nakala nyingi za zamani zilipigwa kwenye mashine zenye sindano nzito, zikachimbwa. Utalipa mamia ya dola ununue mikwaruzo ya watu wengine.

Hatua ya 3: Uliza isnadi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, maana hapa ndipo nakala zenye jalada moja hutengana.

Kanda mama ya mwaka 1958 ndiyo chanzo. Fundi huicheza, hurekebisha uwiano wa sauti, na mashine huichonga moja kwa moja kwenye sahani laini ya lakeri. Lakeri hiyo hupakwa madini, na kutokana nayo hutengenezwa stempa za nikeli zinazokandamiza vinili ya moto kiwandani. Stempa huchakaa, kwa hiyo hubadilishwa. Kila pingu ya mnyororo huu inaweza kupunguza kitu: kanda ikiwa nakala ya nakala, fundi akipenda sauti kali kupita kiasi, kiwanda kikiwa na haraka.

Blue Note yenyewe leo ina mifululizo miwili inayostahili kufahamika. Wa kwanza unaitwa Tone Poet, ulioanza mwaka 2019 kampuni ilipotimiza miaka 80. Msimamizi wake ni Joe Harley, fundi ni Kevin Gray, santuri huchapwa katika kiwanda cha RTI huko California, na majalada ni ya karatasi nzito iliyogandishwa juu ya boksi kama zamani. Wa pili ni Classic Vinyl, wenye majina mashuhuri zaidi na bei nafuu kidogo. Huo nao hukatwa na Kevin Gray, ila huchapwa Ujerumani katika kiwanda cha Optimal. Moanin' iko kwenye Classic Vinyl. Kwa msikilizaji wa kawaida, mimi sioni sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Tafuta maneno yanayotaja kanda mama na njia ya analogi mwanzo hadi mwisho. Maneno hayo huwa kwenye kibandiko cha mbele au nyuma ya jalada. Lakini usiyasome kwa haraka. "Kutoka kanda mama" haimaanishi kuwa hapakuwa na kompyuta katikati. Mwaka 2022 ilibainika kuwa Mobile Fidelity, kampuni ya Marekani inayoheshimiwa sana na wakusanyaji, ilikuwa ikitumia hatua ya kidijitali katika matoleo ambayo wanunuzi wengi waliamini ni ya analogi tupu. Kilichochekesha ni kwamba wengi wao walikuwa wameyasifia matoleo hayo kwa miaka. Kwangu mimi somo la kashfa ile si kwamba dijitali ni najisi. Dijitali ikifanywa na fundi makini inaweza kutoa santuri tamu. Kosa ni kumficha mnunuzi asijue anachonunua.

Kisha kuna nakala za Ulaya. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, rekodi zilizotolewa kabla ya mwaka 1963 zilikuwa zimeshamaliza miaka 50 ya ulinzi wakati sheria ilipoongezwa kufika miaka 70, na nyongeza hiyo haikuzirudisha nyuma. Moanin', iliyotoka mwaka 1959, kule ni mali ya umma. Mtu yeyote anaweza kuichapa bila kuigusa kanda mama, na wengi hutumia CD kama chanzo. Huko Marekani kwenyewe rekodi hiyo inalindwa hadi Februari 2067. Kwa hiyo nakala ya bei ya kutupa, yenye lebo usiyoitambua, iliyotoka Ulaya, haina jina la fundi wala la kiwanda, huwa ni CD iliyovishwa vinili. Si haramu huko ilikotengenezwa. Ila kama unataka CD, nunua CD, itakugharimu kidogo zaidi ya chakula cha mchana.

Njia ya mwisho ya kuthibitisha iko kwenye sahani yenyewe. Iinamishe chini ya taa uangalie ile pete isiyo na mifereji kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Humo huchongwa alama za fundi. KPG@CA ni Kevin Gray akiwa katika karakana yake ya Cohearent Audio. Pete ikiwa na tarakimu tupu zisizo na jina la mtu, rudi kwenye jalada uulize tena.

Hatua ya 4: Usiuziwe uzito

Kibandiko cha gramu 180 kinapendwa sana na wauzaji. Sahani nzito hukaa vizuri mkononi na haipindi kirahisi, basi. Sauti iko kwenye ukataji na uchapaji. Kuhusu matoleo ya sahani mbili zinazozunguka mara 45 kwa dakika: ni kweli kwamba mwendo ule huipa sindano nafasi zaidi ya kusoma matoazi na tarumbeta, lakini utanyanyuka kitini mara nne ndani ya dakika 40. Mwenye magoti mazuri na spika za gharama, ajaribu.

Hatua ya 5: Mono au stereo

Van Gelder na mwenye kampuni, Alfred Lion, walisikiliza kwa spika moja pale Hackensack, hata baada ya mashine kuanza kurekodi kwa njia mbili. Ndiyo maana kwenye stereo vyombo vimegawanywa pande kwa ukali kidogo. Ukisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni utahisi bendi imepasuliwa katikati. Kwenye spika mbili zilizowekwa chumbani hilo hupungua, na unapata hewa kati ya wapigaji. Mono inakupa ukuta mmoja wa sauti unaokujia mzimamzima, na dramu za Blakey zinafaidi. Matoleo mengi ya leo ni ya stereo. Kama amplifaya yako ina kitufe cha mono, una santuri mbili kwa bei ya moja.

Hatua ya 6: Andaa mashine kabla santuri haijafika

Toleo zuri likiwekwa kwenye zile mashine za kibegi zenye spika ndani, zenye katriji (kile kichwa kinachobeba sindano) ya kauri inayokandamiza kwa nguvu, unaliua taratibu. Tafuta mashine yenye mkono unaoweza kurekebishwa uzani na katriji inayobadilishika. Katriji nyingi za kawaida hutaka uzani wa karibu gramu 2; kipimo halisi kimeandikwa kwenye karatasi yake, na ukifuate hichohicho. Watu hudhani uzani mdogo unaihurumia santuri. Sindano iliyo nyepesi kupita kiasi hurukaruka ndani ya mfereji na kuukwangua kuliko iliyotulia.

Wanaoagiza mashine zilizotumika kutoka Marekani kuja Dar es Salaam au Nairobi, sikilizeni hapa. Umeme wa kule ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni 230 au 240 na mizunguko 50. Transfoma itashusha volti, lakini haigusi ile mizunguko. Mota za zamani zinazofuata mwendo wa umeme wenyewe zitazunguka pole: badala ya mara 33 na theluthi kwa dakika, utapata karibu 28. Blakey atasikika kama anapiga dramu usingizini, na tarumbeta ya Morgan itashuka sauti. Mashine zinazotumia adapta ndogo na mota ya mkondo mnyoofu hazina tatizo hilo. Nyingine za zamani zina kapi ya kubadilisha. Muulize muuzaji kabla hujalipa, si baada.

Jambo jingine linalowakwamisha wengi: waya wa mashine ya santuri hauingii popote tu kwenye amplifaya. Ishara yake ni dhaifu, na besi ilipunguzwa makusudi wakati wa kukata kufuata kanuni ya RIAA iliyokubaliwa katikati ya miaka ya 1950. Lazima ipite kwenye kikuza sauti cha fono kinachoirudisha besi mahali pake. Amplifaya za zamani nyingi zina tundu lililoandikwa PHONO. Za siku hizi nyingi hazina, na utanunua kidude pembeni. Ukikosea tundu, utasikia muziki mwembamba kama wa simu ya kijijini, uanze kulilaumu toleo.

Hatua ya 7: Kagua siku ileile inapofika

Usiiweke kabatini ikiwa ndani ya nailoni yake. Muda wa kurudisha huwa ni mfupi. Izungushe kwenye mashine bila kushusha sindano, uitazame kwa ubavu: ikipanda na kushuka kidogo haina neno, ikipiga wimbi kubwa irudishe. Kisha shusha sindano utazame mkono. Ukiyumba kwenda ndani na nje kwa kila mzunguko, tundu la katikati halikutobolewa mahali pake. Noti ndefu za piano zitayumba nazo. Ukisikia sehemu moja sauti kama ya kitambaa kinachochanwa, hapo vinili haikujaa kwenye stempa. Kuosha hakuondoi kasoro hiyo.

Mlio wa papatupapatu ni kitu kingine. Huo mara nyingi ni vumbi la kiwandani na umeme tuli wa mfuko wa karatasi. Ioshe hata kama ni mpya: maji yaliyokenekwa, tone la sabuni laini isiyo na manukato, kitambaa laini kisichotoa nyuzi, mkono ukizunguka kufuata mifereji. Suuza kwa maji mengine yaliyokenekwa, lebo isilowe, uisimamishe ikauke kivulini. Maji yaliyokenekwa hupatikana vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari, ila soma chupa: asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo.

Hatua ya 8: Sikiliza upande mmoja ukiwa umekaa

Zima simu. Piano ya Timmons inaanza peke yake kwa sentensi fupi, na bendi inaijibu kwa noti mbili nzito. Ni mwito na kiitikio cha makanisa ya Waamerika Weusi. Zile noti mbili ni amina. Mtu aliyekulia kwenye kwaya ya kanisa, au kwenye ngoma ambapo sogora hutupa neno na umati ukaitikia, hahitaji kuelezwa kinachotokea. Ndicho hadibopu, mtindo huu wa jazi, ilichokuja kufanya: kuichukua bibopu ya miaka ya 1940, iliyokuwa na kasi na akili nyingi, na kuirudisha karibu na bluzi na injili bila kuifanya rahisi.

Halafu Lee Morgan anaingia. Alikuwa na miaka 20. Msikilize anavyoanza kwa kurudiarudia kipande kidogo, akikibana, akipindisha noti, kama mtu anayejua tayari kwamba watu watampigia makofi. Golson anafuata na saksafoni yenye pumzi pana. Timmons ndiye mtunzi wa wimbo, na zamu yake ikifika huanza taratibu na kuishia akipiga vidole vyote kwa pamoja. Hapa ndipo toleo zuri linapojionyesha. Ukisikia mwili wa piano, siyo kugongagonga tu, na ukisikia toazi la Blakey likiendelea kupumua nyuma ya watu wote bila kugeuka kuwa mvuke, isnadi yako ni sahihi. Besi ya Merritt pia: unapaswa kutambua kila noti inakoanzia, kidole kikiachia uzi.

Blakey mwenyewe, ambaye aliposilimu alichukua jina la Abdullah Ibn Buhaina, huwa hakai kimya nyuma ya mpiga solo. Anamsukuma. Kuna pale anapopiga mfululizo wa dramu unaokua kama radi na kumwangukia mpigaji mwanzoni mwa duru mpya. Ongeza sauti hapo. Majirani watavumilia dakika tisa na nusu.

Geuza sahani siku hiyohiyo au kesho yake. Golson, aliyefika kundini mwaka huohuo wa 1958 na kuwavuta Morgan, Timmons na Merritt, wote wa Philadelphia kama yeye, ndiye aliyetunga nyimbo nne kati ya sita. The Drum Thunder Suite aliiandika ili dramu iwe msemaji. Ipige kwa spika zenye besi ya kweli, maana virungu laini vya Blakey kwenye ngoma zake ndicho kipimo kigumu kuliko vyote ndani ya santuri hii. Blues March inaleta gwaride mitaani. Come Rain or Come Shine ni wimbo wa watu wengine, Harold Arlen na Johnny Mercer, na ukiwa mwisho wa upande, karibu na lebo, ndipo sindano isiyopangwa vizuri hukwaruza. Tarumbeta ikichakaa hapo na haikuchakaa mwanzoni, kosa ni la mashine yako.

Hatua ya 9: Ihifadhi kwa hali ya hewa yako

Zisimame wima, zisiegemeane. Badilisha mfuko wa ndani wa karatasi kwa ule wenye nailoni laini. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, unyevu huleta kuvu kwenye majalada kabla ya kwenye sahani, kwa hiyo acha nafasi kati ya rafu na ukuta, na uzipekue mara kwa mara. Epuka majalada ya nje ya plastiki nene yenye harufu. Mengine hutoa mvuke unaoacha ukungu juu ya vinili. Wala usiiache santuri ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa muda wa kuswali adhuhuri.

Hatua ya 10: Ya pili iwe ipi

Ukiipenda Moanin', fuata watu, usifuate orodha za santuri bora. Ukimpenda Morgan, mtafute akiwa na miaka 19 kwenye Blue Train ya John Coltrane, iliyorekodiwa mwaka 1957. Ukimpenda Blakey akiwa mpole, chukua Soul Station ya Hank Mobley, iliyorekodiwa Februari 1960. Zote mbili ni za Blue Note, na zote zitapita kwenye maswali ya hatua ya 3 bila taabu.

Na kama unataka jazi ya miaka hiyohiyo yenye Kiswahili ndani, tafuta Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa mwaka 1960. Siyo hadibopu hasa. Ni bendi kubwa iliyopangwa na Melba Liston, na maneno ya Langston Hughes. Lakini mwanzoni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, anasikika akiita uhuru kwa lugha yetu, mwaka mmoja kabla Tanganyika haijaupata. Hiyo nayo isome pete yake chini ya taa kabla hujalipa.